Nishani Ndani ya Kikombe cha Bati

Baba Pacha wangu,

Huku tu wazima. Pacha wameng'oka meno ya mbele wiki moja, wakicheka ni vituko vitupu. Bomba la jikoni bado linavuja. Fundi alikuja, akanywa chai, akaenda zake.

Jumapili alikuja yule baharia uliyemwokoa ulipojitosa majini. Kaleta nishani yako. Alikaa ukingoni mwa kiti kama kinamchoma. Nilipoinusa nishani nikashtuka: inanuka pombe! Wewe, ambaye hata dawa ya kikohozi unaikunjia uso!

Akanieleza kwamba melini ndiyo desturi. Nishani mpya hutumbukizwa kwenye kikombe cha pombe, na mwenyewe anakinywa mpaka chini, ndipo aitoe kwa meno.

"Sasa pombe yake aliinywa nani?"

Akainamisha kichwa. "Hakuna, shemeji. Tulikikodolea macho kikombe chake, mwisho pombe tukaimwaga baharini. Nishani nikaitoa mimi, kwa mkono."

Mama yako anataka tuisugue, tuitundike ukutani karibu na picha yako. Nimekataa, na tangu juzi tumenuniana. Anasema wenye meli wameshaacha kukutafuta. Wao wameacha, mimi sijaacha.

Nimeitia kwenye kikombe chako cha bati, nikakijaza chai, maana pombe huiwezi. Kila asubuhi naibadilisha chai. Pacha nimewakataza kuigusa nishani, na hata wakijaribu, meno hawana.

Njoo uitoe mwenyewe. Chai ya leo bado ina moto.

Mkeo,
Mama Pacha