Saa ya Siku Nane

Wilber, Nebraska
27 Septemba 1960

Binti yangu Ludmila,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila goti linanisumbua mvua ikikaribia. Wewe je? Huko Chicago baridi imeanza?

Jana jioni Bohumil na Vlasta, majirani zetu, walikuja kusikiliza mdahalo wa wagombea urais redioni. Vlasta alileta kolache, vile vimikate vyetu vitamu vya plamu, halafu akamkemea mumewe: "Tafuna polepole bwana, Makamu wa Rais anaongea!" Sote tulikubaliana kwamba Makamu kamshinda yule seneta kijana. Alijibu hoja kwa hoja, sauti imetulia. Kiti cha mama yako tulikiacha wazi. Angekuwepo, angetuambia nani alivuta pumzi kabla ya kudanganya.

Krismasi utakuja?

Baba yako,
Emil

Chicago
1 Oktoba 1960

Baba,

Shikamoo. Sijambo. Pole na goti.

Makamu kashinda? Baba! Sisi tuliutazama mdahalo kwenye televisheni ya mwenye nyumba. Alikuwa amepauka, anafuta jasho kidevuni, macho yanahangaika. Mwenye nyumba akapiga kelele, "Mpeni kiti huyo, ataanguka!" Yule kijana alitutazama usoni.

Uso hausemi uongo. Ndiyo maana Krismasi siji. Nimelinyamazia jambo hili tangu Machi. Tulipomzika Mama nilisimama mbele yako. Hukutoa chozi. Ulitoa saa mfukoni ukaitazama, kama mtu anayewahi kukamua ng'ombe. Picha ile hainitoki.

Mwanao,
Ludmila

Wilber
5 Oktoba 1960

Mwanangu Lida,

Natumaini u mzima. Goti limepoa.

Barua yako niliisoma jikoni, nikaisoma tena zizini. Sikukasirika. Saa niliitoa kweli. Lakini sikuwa naitazama. Nilikuwa naisikiliza.

Unaikumbuka, ni ile inayotembea siku nane ikitiwa ufunguo mara moja. Mama yako ndiye aliyeitia ufunguo kila Jumapili baada ya misa, maana vidole vyangu ni vinene. Jumapili ile aliitia akiwa kitandani. Jumanne akatutoka. Ijumaa padri anasoma, nami naisikia bado inatembea kiganjani, kwa nguvu aliyoitia yeye. Niliogopa nikilia sitaisikia.

Ilisimama Jumatatu, nikiwa nakamua. Nikalia hapo hapo. Ng'ombe waligeuka wakanitazama.

Tangu siku hiyo sijaigusa.

Baba yako,
Emil

Chicago
17 Oktoba 1960

Baba yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Nisamehe kwa kukawia.

Mdahalo wa wiki iliyopita sikushuka kwenda kutazama. Nilibaki chumbani gizani, nikausikiliza kupitia sakafu. Usimwambie mwenye nyumba, lakini Makamu alinivutia kidogo.

Wa mwisho ni Ijumaa. Nitafika stesheni ya Lincoln kwa treni Alhamisi, uje unipokee. Mwambie Vlasta alete kolache, na Bohumil akatafunie nje. Tuzime taa, tusikilize.

Saa iweke mezani, mbele ya kiti cha Mama. Usiitie ufunguo. Jumapili tukitoka misa nitaitia mimi. Vidole vyangu ni kama vyake.

Mwanao,
Lida