Kwa Mutale, Mkunga Aliyengoja Kibali

Mpendwa dada Mutale,

Siku uliyozikwa, mama yako alinipigia simu kutoka Mpika, Zambia, nikaangua kilio. Alingoja, mwisho akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni Nakonde, kule mpakani, "Lia tu, mwanangu. Mimi nipo." Tangu hapo nimebaki na mengi ya kukuambia. Nayaandika wazi, wakunga wenzetu wa Tanzania na Zambia wayasome, maana mengine yanawahusu.

Ulishuka stesheni ya Makambako mwezi wa sita, umevaa viatu vya wazi, upepo unapeperusha mpaka vumbi la mbao. "Hakuna aliyeniambia Tanzania kuna baridi," ulisema. Nilikuvalisha sweta langu palepale na hukulirudisha tena. Chama chetu cha wakunga na chama chenu vilikuwa vimekubaliana tutembeleane, tufanye kazi pamoja, kisha tuandike viwango vya pamoja, ili mama anayejifungua upande wowote wa mpaka apate huduma ileile.

Lakini leseni yako ilikuwa ya Zambia. Kibali cha hapa kilikuwa kimeombwa na majibu hayajaja. Mganga mfawidhi wa kituo chetu alikuambia kwa upole, "Sista Mutale, utaangalia na utafundisha. Kumhudumia mama kwa mikono yako, bado." Wewe ulikuwa unazalisha tangu mimi nikiwa shule. Uliitikia tu. Jioni tukimenya viazi nyumbani, niliona unavyokata maganda manene.

"Umekasirika, dada?"

"Nimekasirika. Lakini ningekuwa mimi niko kitandani, ningetaka anayenishika awe mtu anayejulikana."

Basi ukafundisha. Ulitulaza kitandani kwa zamu, mmoja awe mama anayevuja damu, wengine tumhudumie huku kila mtu akitaja kwa sauti anachofanya. Wenzangu walinong'ona kwamba umetuletea michezo ya kuigiza. Hata mimi niliona aibu, kwa sababu nimelelewa kufanya kazi kimya. "Ukinyamaza, mwenzako atajuaje?" ulikuwa unaniuliza. Ulitaka pia kila mama aingie chumba cha kujifungulia na mtu wake wa karibu, tukabishana sana, maana vitanda vyetu vilitenganishwa na pazia tu. Na wewe ulijifunza kwetu. Ulipoona tunavyowafunga watoto njiti kifuani kwa mama zao kwa kitenge, ukaomba ufundishwe kufunga, ukafunga na kufungua mpaka ukaridhika.

Kisha akaja Anjelina, kutoka Igwachanya, mchana, kwa bodaboda, na mama mkwe wake. Siku hiyo mganga mfawidhi alikuwa Njombe kwenye kikao. Nilikuwa na Rehema, nesi aliyeajiriwa karibuni, na wewe. Mtoto alizaliwa vizuri, wa kike, kondo la nyuma likatoka lote, na damu ikaendelea kumwagika. Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Nasugua tumbo. Rehema, sindano ya pili. Weka dripu. Piga simu gari la wagonjwa lije." Rehema alikuwa anajibu kila nilichosema. Damu haikukoma.

Nikakutazama. Ulikuwa kichwani pa kitanda pamoja na mama mkwe, mikono umeifunga nyuma.

"Mutale, njoo."

"Endelea. Ingiza mkono, bana mji wa mimba. Unajua."

Ukamwinamia Anjelina. "Mama, nitazame. Umwana analia, unamsikia?" Umwana ni mtoto kwa Kibemba chako, na ni mtoto kwa Kibena pia. Mama mkwe akadhani wewe ni wa kwetu, akakujibu kwa Kibena, maneno mengi, nawe ukajibu kwa lugha yako. Sidhani mlielewana hata nusu, lakini Anjelina aliwasikiliza na hakufumba macho. Nilibana mpaka bega likafa ganzi. Damu ikapungua, ikakatika. Gari likamchukua hadi Njombe akaongezewa damu, na baadaye akarudi kwao Igwachanya na binti yake.

Tulipokuwa tunanawa bombani, nje, hasira zilinipanda.

"Na kama ningeshindwa?"

"Ningeingia. Wangenifukuza, ningepanda treni nirudi."

"Mbona ulingoja, basi?"

"Ulikuwa unafanya sawasawa. Kama ungekosea, nisingengoja."

Ukajaribu kufunga kifungo cha sweta, vidole vikakataa. Nilikufungia mimi.

Nimeifikiria siku ile miaka yote hii. Sheria iliyowekwa kumlinda Anjelina na mikono isiyojulikana ndiyo iliyofunga mikono niliyoijua kuliko yote. Siwezi kusema sheria ilikuwa mbaya. Siwezi pia kusema ilitosha. Tuliliandika hilo mimi na wewe, tukalipeleka kwenye vikao vya pande zote mbili, na kwa muda mrefu hakuna aliyelijibu. Kibali chako kilifika ukiwa umesharudi Mpika. Nilipokupigia kukuambia, ulicheka mpaka simu ikakatika.

Mwaka huu vyama vyetu vimekubaliana. Mkunga anayekwenda nchi ya pili atapimwa ujuzi wake kabla ya safari na kupewa leseni ya muda kabla ya kuvuka mpaka. Kile kipengele cha msindikizaji nacho kimo. Rasimu ilisema mama "anaweza kuruhusiwa" kuwa na mtu wake. Wewe, ukiwa umelazwa, ugonjwa wa moyo umekuvimbisha miguu, uligombana nami kwenye simu kwa ajili ya maneno hayo mawili. "Andikeni ana haki," ulisema. "Kuruhusiwa ni siku nesi akiamka vizuri." Imeandikwa ana haki. Hukuiona.

Keshokutwa napanda treni kuja Mpika, nifanye kazi miezi michache katika wodi yako. Leseni ya muda ninayo, ina picha yangu nimekunja uso. Naogopa, dada. Naogopa wenzako watanilinganisha na wewe, na watakuwa na haki. Naogopa kuita kwa sauti mbele ya wageni kwa lugha ninayoibabaisha. Lakini akina mama watakuja wakiwa na uchungu wao, na mimi nitawashika.

Mama yako amesema atanipokea stesheni, hata treni ichelewe vipi. Nimejaribu kupanga la kumwambia nikishuka, nimeshindwa. Nadhani nitapiga magoti nimsalimie kama tunavyosalimia huku, halafu nimwache yeye aanze kunisimulia habari zako.

Pumzika, dada.

Mdogo wako wa Makambako