Maji ya Bhoke

Nyansurura, Serengeti

Mama yangu, shikamoo.

Huku dhahabu imewavuta wengi, na zebaki wanayoisafishia inaingia mtoni. Jana mwenyeji wangu Bhoke, anayenyonyesha, alinizuia kabla sijaonja ugali wake wa mtama: "Dada, pima kwanza maji niliyopikia."

Nilichovya kile kipande cha kioo nilichokuonyesha, kilichopakwa chembe zisizoonekana kwa macho. Tukajifunika kanga ili kupata giza, nikakimulika kwa tochi ya buluu. Kwenye maji safi hung'aa kijani; penye zebaki hufifia. Kilififia, Mama.

"Kumbe huyu ananyonya hayo," akasema taratibu, akimtazama mwanawe. Akamwaga maji yote, na ugali pia, akambeba mtoto mgongoni. "Twende tukachote ya mlimani."

Tulipanda juani hadi kwenye chemchemi iliyo juu ya machimbo. Nikapima tena chini ya kanga. Kilipong'aa, Bhoke alinikumbatia kwa nguvu hadi mtoto akalia.

Tulipika upya jioni. Leo asubuhi majirani wamemfuata mlimani na ndoo zao, wakiimba.

Meza dawa zako za presha, Mama, na usijinyime usingizi kwa ajili yangu. Ninakula vizuri.

Mwanao akupendaye,
Zuhura