Wino Uliokwepa Matundu

Jumatatu, 4 Mei 1931
Profesa Nukada kaja mwenyewe dukani kwetu, tunakokarabati vitabu vya kale, kofia kichwani hakuivua. Kaleta kitabu — ati shajara ya mtawa wa kike, ati ya miaka mia sita, ati kaiokota katika ghala la hekalu. Anataka nizibandike kurasa karatasi kwa nyuma, kisha nigonge muhuri wetu kuthibitisha kuwa ni cha kale kweli. Ijumaa anakitangaza chuoni. Muhuri wa akina Kuze ukigongwa, Kyoto nzima hunyamaza. Vizazi vitatu hatujaugonga juu ya uongo.

Jumatano, 6 Mei
Feki! Nimecheka peke yangu hadi gundi ya ngano ikaungua. Karatasi ni kuukuu kweli, imeliwa na wadudu. Lakini maandishi yanapinda kando ya kila tundu. Kila moja! Sasa huyo mtawa alijuaje wadudu watakuja kula wapi? Msomi mzima, miwani ya dhahabu, kazi ya kitoto. Njia ya mwongo fupi.

Nilimweleza Baba tukila. Hakucheka. Kasema, ziba tu, Itsuyo, matundu yakizibwa nani atayatazama? Nikamjibu muhuri sigongi, na Ijumaa nitasimama mbele ya maprofesa wote niseme. Akaacha tofu yake.

Alhamisi, 7 Mei
Nukada kapita kuhimiza. Nikamtega: Profesa, wino ukigusa ukingo wa tundu huwaje? Akanitazama kama nimemuuliza bei ya vitunguu. Wino ni wino, binti, hayo ya gundi ni yenu.

Hajui! Hajui kwamba ukingo hunyonya wino, herufi ikavimba. Bwege huyu angeandika juu ya matundu moja kwa moja, wala asishtuke. Anayekwepa ni fundi. Mimi nilifunzwa nikiwa na miaka tisa. Brashi ikikaribia tundu, Baba alikuwa akinichapa kidole.

Sijala.

Ijumaa, 8 Mei
Asubuhi. Nimevaa kimono nyeusi. Gari la Nukada liko nje. Nimemuuliza Baba jambo moja tu: kurasa ngapi? Kasema, zote. Nukada alileta maneno, yeye Baba akaleta mkono wa kuyaandika. Kisha, mzee huyu, akaniuliza kama zimetoka vizuri.

Zimetoka vizuri mno. Dharau yote niliyoimwaga humu, leo sijui niipeleke wapi.

Nukada anapiga hodi ya pili. Muhuri ninao mkononi, bado sijaugonga, na Baba anautazama —