Pale Mti Ulipolika

Mjukuu wangu, mume wangu Maganga,

Bibi yako mzima, miguu tu ndiyo inanisumbua. Shangazi yako kajifungua mtoto wa kike. Barua yako imefika na treni, nikacheka sana. Unauliza hicho chuma chembamba chenye mpini mrefu, ambacho baba yako alihama nacho kwenda Tabora, ni jembe gani.

Hata mimi nilidhani ni jembe. Nilipoolewa hapa Ugalla nilikichukua nikachimbia viazi, makali yakaishia kwenye mawe. Baba mkwe aliona. Kwa heshima ya ukwe hakuwa akinisemesha, wala hatukuwahi kupeana mkono. Alikinoa kutwa nzima, kisha akamwambia mama mkwe, nami nasikia: "Mwambie ashike pale mti ulipolika."

Nikashika pale mpini ulipochakaa. Mkono mmoja ukaenda mwisho wa mpini, mwingine katikati, na mwili wenyewe ukataka kusukuma mbele, si kulima. Ndipo nikaelewa: kinaingizwa tumboni mwa gogo, kulichonga liwe mzinga wa nyuki. Na vidole vyangu vilikuwa vimelala palepale vilipolala vidole vya baba mkwe miaka yote.

Kishike na wewe, mume wangu. Utatukuta hapo wote wawili.

Bibi yako