Kilemba cha Mjomba

Maskati

Mdogo wangu Hamisi,

Marahaba, ijapokuwa hujanisalimia. Mwezi wa tatu huu hupokei simu yangu, basi naitikia shikamoo ambayo najua imekukwama kooni. Natumaini u mzima, mkeo mzima, watoto wazima, na lile goti lako linalokusumbua kila masika limetulia. Mimi huku nipo, namshukuru Mungu, afya ninayo, isipokuwa mgongo na joto. Joto la huku usiliombe. Ukitoka nje saa sita mchana, kandambili zinanata kwenye lami.

Barua hii nimempa mama mmoja wa Kilwa Masoko aliyemaliza mkataba wake. Nimemwambia afike mwenyewe hadi Pande akukabidhi mkononi, si kwa mkeo wala kwa mtoto. Keti uisome peke yako. Nakuambia mapema kwamba si barua nzuri.

Kwanza habari zangu, usije ukasema nimekurukia tu. Kazi ni ile ile. Namtunza bibi wa nyumba hii, mkongwe aliyezaliwa pwani ya kwetu akaletwa huku akiwa kigori, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Namwogesha, namlisha, nambadilisha nguo. Yeye hana neno baya na mtu. Mkwe wake, mke wa mwanawe, ndiye mtihani wangu. Ananiita "mtoto", mimi mwenye miaka arobaini na sita, na nikiinuka kwenye kiti cha jikoni anakuja na kitambaa kukifuta. Bibi akishalala mchana mimi napiga pasi vilemba vya wanawe. Wako wanne, kila mmoja na chake cha kila siku. Kwa hiyo kilemba nakijua sasa, Hamisi. Najua kinavyokunjwa pembe kwa pembe, na najua kipya kinavyoonekana kabla hakijaguswa na maji.

Ndiyo maana nilipoiona ile picha sikuhitaji kumuuliza mtu. Kuna kijana wa hapo kijijini aliirusha kwenye kundi letu la watu wa Pande tulioko mbali. Maulidi yamekwisha, wanaume mmekaa mkekani, na katikati umekaa wewe na kilemba cheupe, kipya, mikunjo ya dukani bado inaonekana, kidevu umekiinua kama jogoo. Kulia kwako yuko mzee Chande, yule wa mikorosho, mwenye wake wawili na wajukuu wanaolingana na mwanangu. Anacheka. Kwetu sisi mtu asiye shehe wala bwana harusi hafungwi kilemba kipya mbele ya watu ila kwa jambo moja: amemtoa mtoto wa dada yake kwa mume. Na wewe dada unaye mmoja, na dada huyo ana mtoto mmoja.

Nilikaa sakafuni, pasi nimeiacha juu ya kitambaa, hadi kilemba cha mtoto mkubwa wa nyumba kikaungua. Mkwe alikitwaa akanipiga nacho usoni kingali na moto. Sikusikia kitu. Naapa, sikusikia.

Kesho yake Somoe alinipigia kwa simu ya jirani. Akasema, "Mama, mjomba kanioza." Basi, akalia tu. Mengine niliyapata kwa jirani mwenyewe. Kwamba ulimtoa chuoni Lindi kwa kumdanganya kuwa Bi Fatu mkunga yu mahututi, mtoto akapanda gari mbio, akafika akamkuta Bi Fatu anachambua mchicha barazani. Kwamba simu yake ukaichukua. Kwamba analala chumba kimoja na mama mkwe wako ili asitoroke, na ndoa mmeiweka baada ya kuvuna ufuta. Mtoto wa miaka kumi na tisa, mwaka wa kwanza wa uuguzi, amebakiwa na mitihani miwili.

Nilimpigia baba yake mdogo kule Likawage. Yeye ndiye walii wa kumwozesha tangu mume wangu alipofariki, nikadhani atasimama. Akanijibu kwa upole kabisa, "Shemeji, mimi kazi yangu ni kutaja maneno mbele ya shehe. Mwenye mtoto ni mjomba. Kilemba kikiwa kichwani kwake, nitaozesha. Akikivua akakirudisha kwa mkono wake, mbele ya wale wale waliomwona akifungwa, hakuna ndoa." Nikaomba ruhusa nije. Mkwe akacheka. Pasi yangu ya kusafiria iko kabatini kwake na mkataba umebakiza miezi saba. Kwa hiyo sina mguu wa kufikia Pande. Nina kalamu tu.

Nilipokuwa namsugua miguu yule bibi, nikamuuliza kilemba ni nini hasa. Aliniangalia akaona nimelia. Akaniambia kwamba yeye alisikia kwa baba yake, kwamba zamani wakubwa wa huko kwetu Kilwa walivaa mataji ya maana, na wale majumbe wa vijijini wasio na dhahabu walitumiwa kitambaa, wakafungwa kichwani mbele ya watu. Hicho ndicho kilikuwa taji lao, taji dogo la watu wadogo. Aliyefungwa aliwajibika. Njaa ikiingia kijijini anaulizwa yeye, mtu akipotea anaulizwa yeye. Halafu neno likateremka kwa watu wa kawaida. Mwalimu wa chuo akimhitimisha mtoto Kurani, alipewa kilemba chake. Fundi akimfunza mtu kazi mpaka akaweza kusimama mwenyewe, alipewa kilemba chake. Na mjomba aliyemlea mtoto wa dada yake mpaka akaolewa, alifungwa chake. Kitambaa kilikuwa kile kile, na kila mahali maana yake moja, kwamba huyu ametoka jasho kwa ajili ya mwingine.

Nikamwuliza, na mtu akifungwa bila kutoka jasho? Akasema, "Huyo kavishwa kilemba cha ukoka, mwanangu. Mbuzi atakuja kukila."

Sasa tuhesabiane hilo jasho, Hamisi. Mwalimu wako wa chuo, kilemba chake alikitoa mama yetu, aliuza majogoo matano na bata. Fundi seremala wa Masoko, yule aliyekufunza miaka miwili, hukumpa kitu. Uliondoka na randa yake na mpaka leo anakuulizia. Na Somoe? Alipopata degedege akiwa na miaka minne nilikutuma ukatafute bodaboda, ukaniambia nikusubiri umalize mchezo wa bao. Nilimbeba mgongoni hadi barabara kuu. Alipochezwa unyago, mjomba alitakiwa asimame mlangoni. Hukuonekana, tukamsimamisha jirani. Ada ya chuo ni mkono huu unaopiga pasi nguo za watu. Hujawahi kumnunulia mtoto yule hata peni.

Na wala si fedha ya mzee Chande iliyokuponza, hilo nakujua. Ingekuwa fedha ningekuelewa. Umekubali kwa sababu wanaume wazima walisimama kukupisha, wakakuita mjomba, wakakufunga huku wengine wanatazama. Tangu utotoni hukuwahi kushiba kuitwa. Kwenye kila shughuli ulitaka ukae mbele. Nilikuwa nakuonea huruma kwa hilo, maana nilijua linakotoka, na wewe ulikuwa hujui. Ningeendelea kukuonea huruma mpaka kaburini. Lakini jirani ameniambia ulivyoulizwa na wale wazee kama mama mtu ameridhia na kama mkaja wake, ile haki ya mama mzazi, umetengwa. Ukawajibu, "Mama yake ni wa kwenye simu. Damu ya huyu mtoto hapa ni mimi."

Damu. Haya, twende kwenye damu.

Unalijua kaburi la mgeni, pale mpakani mwa shamba letu. Unaijua hadithi kama wanavyoijua watu wote wa Pande: kwamba mwanamke mpita njia, mjamzito, alikuja kuomba maji kwetu wakati wa mvua, akashikwa na uchungu jikoni, akafa yeye na mtoto wake, wakazikwa pamoja. Na kwamba juma hilo hilo mama yetu alijifungua mtoto wa kiume, ambaye ni wewe. Baba alikuwa Lindi kwenye kibarua, akarudi akakuta mwana.

Mimi nilikuwa na miaka saba. Ndimi niliyekuwa nachota maji. Mama alijifungua asubuhi, Hamisi, na mtoto wake hakulia. Bi Fatu alimpiga makalio, akampulizia puani, hakulia. Adhuhuri akaingia yule mgeni. Alasiri akazaa mtoto mwenye sauti ya kupasua bati, na kabla jua halijashuka akawa amekwisha, damu haikukatika. Mama alikuwa amelala upande wa pili wa chumba kile kile, maziwa yanamtoka yanalowesha kanga, na mtoto wa watu analia. Akasema, "Nipe." Bi Fatu akampa. Wakamfunga mtoto wa mama katika sanda moja na yule mgeni. Mama akaniita, akaniwekea mkono kwenye ziwa lake, akaniapisha kwamba nikitamka, maziwa niliyonyonya yaniue. Siku anakufa aliniapisha tena. Nimekaa na neno hili miaka thelathini na tisa. Mume wangu hakulijua.

Kwa hiyo wewe ndiye uliyelia. Mama yako yumo ndani ya lile kaburi ulilolisawazisha mwaka juzi ukapanda ufuta. Nilikuomba kwa simu usiliguse, nikalia, ukaniambia nimezidi amri, mfu wa njiani hana mtu wa kumlilia. Ulivuna gunia tatu pale. Ulinitumia picha.

Jina lake sikulijua. Hakuna aliyemuuliza, aliomba maji tu. Alikuwa na chale za kimila usoni na alisema kwa lugha ya bara ambayo mama hakuisikia vizuri. Hayo ndiyo ninayokupa kuhusu ukoo wako, sina mengine. Na mjomba wa Somoe yumo humo humo kaburini, amelazwa kifuani kwa mama yako. Hakuishi hata saa moja. Kilemba unachokivaa ni cha kwake.

Kama unaona natunga, nenda kwa Bi Fatu. Usimfokee, ana miaka mingi na masikio mazito. Mwambie tu kwamba dada amesema. Utamwona uso wake.

Kwa dini u mjomba wake wa ziwa, hilo sikuondolei. Huwezi kumwoa, basi. Kumtoa kwa mume huwezi. Na wazee wa Pande wanavyokuogopa leo ni kwa sababu ya tumbo la mama yetu, ambalo hukulala ndani yake.

Mama aliyekuletea barua hii ana bahasha nyingine, imefungwa, ina jina la baba mdogo wa Likawage. Humo nimeandika haya haya. Anakaa Masoko majuma mawili. Ukikirudisha kilemba kwa mkono wako, mbele ya wale wale, na Somoe akanipigia akiwa chuoni Lindi, bahasha itachomwa moto na wewe utabaki mwana wa mama yetu machoni pa watu wote. Usipokirudisha, inapelekwa Likawage, na itasomwa kwa sauti. Nakujua utataka kumfuata yule mama umnyang'anye. Hutamwona. Sikukuandikia jina lake wala nyumba anayokaa.

Nisalimie mkeo, wifi yangu, mwambie vitenge vyake nitakuja navyo. Nisalimie watoto wako wote, na yule mdogo mbusu kwenye shavu, sura yake inanikosesha usingizi kwa kunipendeza. Nisalimie jirani yetu aliyempa Somoe simu, na usimguse. Nisalimie Bi Fatu, mpelekee samaki kama kawaida yako, kwa hilo nakusifu. Mama mkwe wako nisalimie pia, mwambie amfungulie mtoto mlango.

Najua ukirudisha kile kitambaa utarudi nyumbani kichwa wazi, watu wanakutazama, na hutaweza kumwambia hata mkeo kwa nini. Mimi nilikubeba mgongoni ukiwa na siku tatu, nikakutembeza shamba zima nikijisifu kwamba nina kaka yangu mdogo. Nilikuwa najua, na nikajisifu hivyo hivyo. Niliyapenda yale majivuno. Sasa nimekuambia, na hata ukivua kilemba leo hii kabla ya alasiri, kilemba kitarudi kwa mwenyewe, lakini haya niliyokuambia hayana wa kurudishiwa.

Ni mimi, dada yako wa ziwa,

Mwanaisha