Dumu Lililoandikwa YAMECHUJWA

S.L.P. 41,
Ikungi, Singida.
Alhamisi, 12 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Dorkas,

Shikamoo. Nisamehe, leo salamu zingine zitangoja. Lile dumu alilokutumia mke wangu Rebeka kwa ajili ya harusi ya Agnes, usilipikie. Si alizeti. Ni oili ya mashine. Kama limeshafunguliwa, lifunge ulitoe jikoni.

Sasa, hujambo? Mguu unaendeleaje? Huku tu wazima, ila mimi tangu jana sikai, sisimami. Nakupigia, simu haipatikani. Najua huko milimani Mbinga mtandao ni wa kubahatisha, lakini safari hii umenikomesha.

Nikueleze. Yale mapangaboi makubwa ya umeme wa upepo niliyokuonyesha ulipokuja yana oili ndani, kule juu. Ikichakaa huteremshwa, nasi karakanani tunaiacha itulie, tunaipasha moto maji yatoke, tunaichuja mara tatu, kisha inarudi kazini. Mwezi mzima yetu ilitoka nyeusi tii. Ijumaa ikatoka ya dhahabu. Shangazi, nilifurahi kama mtoto. Nikajaza dumu la lita tano nikamwonyeshe Rebeka. Nikakuta kaenda kwaya, nikaliacha jikoni.

Dumu lenyewe lilikuwa la alizeti, ndilo nililolipata. Juu yake nikaandika kwa kalamu nene ya makapeni, YAMECHUJWA. Bwana Edward, msimamizi wetu, huiita mafuta siku zote, nami nimemwiga. Ningeandika IMECHUJWA, mtu angejua ni oili. Lakini YAMECHUJWA, hapa Ikungi, ambako alizeti inauzwa kando ya barabara yote, angesoma nini kingine? Rebeka akadhani ni yale mafuta ya harusi niliyokuahidi, nimeshakununulia. Jumatatu akalipakiza kwenye basi, mimi niko kwenye mitambo.

Jana nikauliza dumu langu liko wapi. Akasema, "Si nilimtumia shangazi? Mbona yalikuwa safi hivyo." Nilipomweleza, akakaa chini. Mpaka sasa hajala.

Nina hasira na mimi mwenyewe. Kila nikishika kazi nawaona wageni wa Agnes wanapewa maandazi, na watoto ndio wa kwanza kunyoosha mikono.

Barua hii anakuletea Laurian, dereva wa lori la vitunguu. Ameniahidi kufika Jumamosi alfajiri, kabla hamjawasha moto. Anakuja na dumu jingine, alizeti kweli. Hilo sikuliandika neno lolote.

Msalimie Mzee Obadia, na bibi harusi mwenyewe. Mungu aitangulie barua hii hadi mlangoni kwako. Ukiisoma, panda popote penye mtandao unipigie, hata kama una la kunitukana.

Mwanao akupendaye,
Nathanaeli

Nimesahau: kabla ya kulifunga hilo dumu jipya, nilikaanga yai kwa mafuta yake nikalila mbele ya Laurian. Mwulize.